Sadaka, Damu na Utakatifu katika Israeli ya Kale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wanaoazimia kusoma Biblia yote hukwenda vizuri na Mwanzo, wakavuka bahari na Musa kwenye Kutoka, halafu wakakwama Walawi. Nimefundisha darasa la Biblia la jioni kwa miaka mingi na nimeona kitabu hicho kikiwashinda watu wenye bidii kabisa. Damu, figo, mafuta, upele, ukungu wa ukutani. Ninaandika majibu haya kwa sababu ninakipenda, na ninaamini anayekiruka anaikosa lugha ambayo Zaburi, manabii na Injili zote zinaizungumza.

Sadaka, dhabihu na kafara ni kitu kimoja?

Katika mazungumzo yetu ya kila siku, hapana. Sadaka kanisani ni noti inayotumbukizwa kwenye kapu. Kwa Waislamu ni kile anachopewa maskini kwa ajili ya Mungu. Dhabihu ni mnyama aliyechinjwa. Neno kafara ndilo lililoharibika zaidi: ukisema fulani "ametoa kafara", msikilizaji anawaza mganga, utajiri wa ghafla na mtoto wa watu aliyekufa bila sababu. Nawaomba wanafunzi wangu waiondoe picha hiyo kichwani kabla ya kufungua Walawi, maana itawapoteza njia kuanzia mstari wa kwanza.

Maneno haya yote yametufikia kupitia Kiarabu, na Kiarabu ni ndugu wa Kiebrania. Hapo Mswahili ana bahati ambayo wasomaji wengi wa dunia hawana. Dhabihu ni jamaa wa neno la Kiebrania *zebakh*. Madhabahu ni *mizbeakh*, mahali pa kuchinjia. Kafara ni jamaa wa *kipper*, kufanya upatanisho, ndiyo hiyo inayosikika katika Yom Kippur, Siku ya Upatanisho ya Wayahudi. Hata damu kwao ni *dam*, na nafsi ni *nefesh*.

Lakini neno linaloyabeba matoleo yote ni *korban*, ambalo Marko 7:11 imeliacha hivyohivyo, Korbani, na ambalo Waislamu wanalikuta katika habari ya wana wawili wa Adamu. Mzizi wake ni k-r-b, na sisi tunautamka mlangoni kila siku: karibu. Karibia, ukaribu, akraba, vyote ni mti mmoja. Kwa Mwebrania toleo lilikuwa kitu kinachosogezwa, na anayekisogeza anasogea nacho. Ukinishika nichague jambo moja tu la kukumbuka kuhusu sadaka za Israeli, nitakupa hilo. Swali linaloendesha kitabu kizima ni namna gani watu wa udongo wataishi jirani na Mungu aliyeamua kupiga hema katikati ya kambi yao.

Mungu alikuwa na njaa mpaka apewe nyama?

Majirani wa Israeli walikuwa na desturi ya kulisha miungu. Huko Mesopotamia makuhani waliandaa chakula mbele ya sanamu asubuhi na jioni, kama mtu anavyomwandalia mfalme. Israeli nao walitumia lugha ya meza: Walawi 21 inaziita sadaka chakula cha Mungu, na mara nyingi tunasoma habari za harufu ya kupendeza. Ndani ya hema palikuwa na meza yenye mikate 12.

Tazama lakini kilichofanyika kwa mikate hiyo. Ilikaa juma zima, Sabato ikifika inaletwa mipya, na ya zamani inaliwa na makuhani. Kila mtu alijua nani amekula. Zaburi 50 inalisema bila kuzunguka: kama ningekuwa na njaa nisingekuambia wewe, maana ulimwengu ni wangu na vyote viujazavyo. Lugha ya chakula ilibaki kwa sababu kumwandalia mtu meza ni namna ya zamani kuliko zote ya kumwambia kuwa unamheshimu na unataka akae.

Siku ya kupeleka mnyama mambo yalikwendaje hasa?

Walawi 1 inaeleza hatua kwa hatua. Mtu anatoka na dume la ng'ombe, kondoo au mbuzi, asiye na kilema, aliyemtoa katika zizi lake mwenyewe. Anafika mlangoni pa hema ya kukutania. Anauweka mkono wake juu ya kichwa cha mnyama, na kitenzi cha Kiebrania hapo ni cha kuegemeza uzito. Kugusa tu kwa ncha za vidole hakutoshi. Halafu anamchinja. Wengi hushangaa hapa, kwa sababu wanadhani kuhani ndiye aliyeshika kisu. Katika sura hii mwenye mnyama ndiye anayechinja, ndiye anayechuna, ndiye anayekata vipande. Kazi ya kuhani inaanza kwenye damu: anaileta na kuinyunyiza pande zote za madhabahu. Matumbo na miguu vinaoshwa kwa maji, kuni zinapangwa, kichwa na mafuta na vipande vinawekwa juu, na vyote vinapanda kuwa moshi. Ngozi peke yake inabaki, na hiyo ni ya kuhani.

Nyumbani kwetu mbuzi alichinjwa Krismasi, na kazi yangu utotoni ilikuwa kushika miguu ya nyuma. Nakumbuka nguvu ile inavyopiga viganja, halafu inavyolegea, na kimya kinachofuata. Nikisoma Walawi 1 nasikia kimya kile. Mtu aliyeuegemeza mkono wake juu ya kichwa cha mnyama wake mwenyewe, akalisikia joto lake, hakuondoka pale akidhani kusogea kwa Mungu ni jambo jepesi.

Na kuna kazi ya asubuhi ambayo wahubiri wengi hawaitaji. Moto wa madhabahu haukuruhusiwa kuzimika, kwa hiyo kila kulipokucha kuhani alivaa kitani, akazoa majivu, akayaweka kando ya madhabahu, akabadili nguo, kisha akayachukua nje ya kambi mahali safi. Mama yeyote aliyepikia mafiga anaijua kazi hiyo. Utumishi wa patakatifu ulianza na majivu.

Ziko aina ngapi za sadaka, na kwa nini nyingi hivyo?

Walawi 1 hadi 7 inataja tano kubwa. Sadaka ya kuteketezwa nimekwisha kuieleza: yote inapanda, mtoaji haonji hata kipande. Sadaka ya unga ilikuwa unga mwembamba wenye mafuta na ubani. Chumvi ilikuwa lazima, chachu na asali havikuruhusiwa madhabahuni. Sadaka ya dhambi na sadaka ya hatia nitazifikia.

Ninayopenda kuikalia ni sadaka ya amani, kwa sababu ndiyo inayosahaulika na ndiyo iliyokuwa na shangwe. Mafuta yote, figo mbili na kitambi cha ini viliteketezwa kwa ajili ya Mungu. Akiwa kondoo, ule mkia wa mafuta mzima ulikatwa karibu na uti wa mgongo na kupanda pia. Aliyewahi kuona kondoo wa Kimasai au wa Kisomali anaelewa kwamba hicho kilikuwa kipande cha thamani. Kidari na paja la kulia vilikuwa vya kuhani. Nyama iliyobaki ilimrudia mtoaji, akala na watu wake. Kama ni ya shukrani, ilipaswa kuliwa siku ileile mpaka iishe. Hebu fikiria: ng'ombe mzima, siku moja, bila jokofu. Huwezi kumla peke yako wala kumficha. Sheria yenyewe ilikulazimisha uite majirani. Watu wengi wanapowaza ibada ya Israeli wanaona hofu na damu tu. Mimi naona pia moshi wa nyama, watoto wanagombea mbavu, na mtu anasimulia mbele ya wageni jinsi alivyopona.

Sadaka ilifuta dhambi yoyote?

Hapana. Sadaka ya dhambi katika Walawi 4 ni ya aliyekosa bila kukusudia. Hesabu 15 inasema wazi kwamba anayetenda kwa kiburi, mkono juu, anakatiliwa mbali na watu wake. Ndiyo maana Zaburi ya 51, ambayo kichwa chake kinaihusisha na Daudi baada ya habari ya Bathsheba, inasema Mungu hapendezwi na dhabihu. Kwa uzinzi na mauaji hapakuwa na mbuzi wa kupeleka. Palibaki moyo uliovunjika.

Na kwa aliyemdhulumu mwenzake, sadaka ya hatia ilikuwa na masharti ambayo natamani yangebandikwa kwenye mlango wa kila nyumba ya ibada. Umeiba, umekana amana, umeapa uongo? Kwanza rudisha kitu chenyewe, uongeze sehemu ya tano juu yake, umpe mwenyewe. Ndipo uje na kondoo dume. Hukuweza kumpita uliyemdhulumu ukaenda kupatana na Mungu kwa mlango wa nyuma.

Kwa nini damu?

Walawi 17:11 inajibu: uhai wa mwili u katika damu, na Mungu ndiye aliyewapa watu damu hiyo juu ya madhabahu ili ifanye upatanisho. Sikiliza mwelekeo wa sentensi hiyo. Damu ni kitu ambacho Mungu amewapa. Kabla ya hapo ilikuwa mwiko kabisa kwa mwanadamu: nyama kula, damu mwaga chini uifunike kwa udongo. Uhai si mali ya mchinjaji.

Katika sadaka ya dhambi damu inafanya kazi ya kusafisha, na ajabu yake ni hii: haipakwi mkosaji. Inapakwa pembe za madhabahu, au inanyunyizwa mara saba mbele ya pazia. Jacob Milgrom, mtaalamu mkubwa wa Walawi aliyefariki mwaka 2010, alilishikilia jambo hilo maisha yake yote: kinachosafishwa ni patakatifu. Makosa ya watu hayaishii kwao. Yanapanda na kuganda kwenye nyumba ya Mungu kama masizi yanavyoganda kwenye dari la jiko la kuni, hata kwa yule ambaye hajawahi kuingia jikoni. Yakiachwa yakazidi, mwenye nyumba atahama. Ezekieli, aliyekuwa wa ukoo wa makuhani, aliona maono ya jambo hilohilo: utukufu wa Bwana unainuka, unafika kizingitini, unaondoka mjini.

Utakatifu maana yake ni kutokuwa na dhambi?

Hapa Kiswahili chetu kinatusaidia nusu na kutupoteza nusu. "Takatifu" limetoka kwenye kutakata: nguo imetakata, mbingu zimetakata, hazina wingu. Kwa hiyo tukisoma "mtakatifu" tunawaza mtu msafi wa tabia. Neno la Kiebrania *kadosh*, la mzizi uleule wa Quds, jina la Kiarabu la Yerusalemu, linaanzia kwingine: ni la Mungu, limetengwa likawa lake. Ndiyo sababu mafuta, koleo, mavazi na sufuria vinaweza kuitwa vitakatifu. Sufuria haina tabia njema.

Na kitu cha kwanza kutakaswa katika Biblia si mahali wala mtu. Ni siku ya saba.

Utakatifu ulikuwa na ngazi, na ngazi hizo zilijengwa kwa mbao, shaba na dhahabu. Ua wa hema ulikuwa dhiraa 100 kwa 50, kama mita 45 kwa 22 na ushei. Uani, madhabahu ya mti wa mshita ilifunikwa shaba. Ukiingia ndani vyombo ni dhahabu. Mwisho kabisa, nyuma ya pazia, chumba cha dhiraa 10 kila upande, kisicho na dirisha, chenye sanduku la agano. Mwisraeli wa kawaida alifika uani, kuhani aliingia ndani, na nyuma ya pazia aliingia kuhani mkuu peke yake, siku moja kwa mwaka.

Utakatifu pia uliambukiza. Walawi 6 inasema nyama ya sadaka ya dhambi ikipikwa kwenye chungu cha udongo, chungu hicho kivunjwe. Kikiwa cha shaba, kisuguliwe na kusuuzwa kwa maji. Udongo unanyonya, shaba hainyonyi. Chungu kilichonyonya utakatifu hakiwezi kurudi nyumbani kupikiwa dengu. Sijui mfano mwingine unaoeleza vizuri zaidi jinsi watu wale walivyouona utakatifu: ni kitu halisi kinachopenya, chenye matokeo jikoni.

Mtu najisi ni mwenye dhambi?

Naomba jibu hili lisomwe taratibu, kwa sababu kosa hili limewaumiza watu.

Unajisi ulimpata mama aliyejifungua, mwanamke aliye katika siku zake, mume na mke waliolala pamoja, mtu aliyemzika baba yake. Kuzaa ni baraka ya sura ya kwanza ya Biblia. Kuzika ni wajibu. Hakuna dhambi hapo. Unajisi ni hali ya mwili inayokuzuia kusogea patakatifu kwa muda, na nyingi ziliisha kwa kuoga na kungoja jua lizame. Ya kugusa maiti ilichukua siku saba. Waislamu wa pwani wanalielewa hili haraka kuliko sisi: mwenye janaba hakukosa kitu, ila hasimami kuswali kabla ya kuoga. Milgrom alionyesha kwamba chanzo karibu zote za unajisi zinagusa mpaka wa uhai na mauti: maiti, damu ya uzazi, mbegu iliyotoka. Mungu aliye hai hakaribiwi na harufu ya kifo mwilini.

Sasa "ukoma". Walawi 13 na 14 zinaeleza *tsaraat*, upele na mabaka ya namna nyingi, na inataja pia *tsaraat* ya nguo na ya kuta za nyumba. Nguo haiugui ukoma. Ugonjwa tunaouita ukoma leo ni mwingine, una vidudu vyake na dawa zake, na wenye ugonjwa huo wamefukuzwa vijijini na kuonwa wamelaaniwa kwa sababu tafsiri zilichukua neno moja zikaliweka mahali pa jingine. Ukifundisha sura hizo, liseme hilo kwanza.

Kwa nini nguruwe ni najisi na mbuzi si najisi?

Majibu ya afya sipendezwi nayo. Walawi 11 haitaji tumbo kuuma hata mara moja. Jibu lililowagutusha wasomi lilitoka Kongo. Mary Douglas, mwanaanthropolojia Mwingereza, aliishi na Walele wa Kasai na kuona jinsi walivyomheshimu kakakuona: mnyama mwenye magamba kama samaki lakini anapanda miti, anazaa mtoto mmoja kama binadamu. Haingii kwenye fungu lolote. Akirudi kwenye Walawi, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1966, alisema wanyama najisi ni wale wasiokaa sawasawa kwenye mafungu ya uumbaji: nguruwe ana kwato zilizopasuka lakini hacheui. Baadaye mwenyewe alikuja kuirekebisha hoja hiyo, lakini mlango alikuwa ameshaufungua. Mimi naongeza tu kwamba sura yenyewe inamalizia kwa "iweni watakatifu, kwa kuwa mimi ni mtakatifu". Meza ya nyumbani ililetwa chini ya utaratibu wa madhabahu. Mama aliyechagua cha kupika alikuwa anafanya, kwa kiwango chake, kazi ya kuhani ya kutenganisha.

Nadabu na Abihu, na yule Uza aliyeshika sanduku: mbona waliuawa?

Habari hizo ni ngumu na sitazilainisha. Nadabu na Abihu, wana wa Haruni kuhani mkuu wa kwanza, waliingia na moto ambao hawakuagizwa, siku zilezile za kuwekwa wakfu hema. Uza alinyosha mkono sanduku lisianguke, lakini sanduku lilipaswa kubebwa mabegani kwa miti yake, na wao walilipakia kwenye gari la ng'ombe, jinsi Wafilisti walivyofanya. Biblia yenyewe inasema Haruni alinyamaza na Daudi aliogopa. Mwalimu asinyamaze haraka kuliko Haruni, wala asiwe jasiri kuliko Daudi.

Siku ya Upatanisho ilikuwa nini, na "mbuzi wa kafara" ametoka wapi?

Siku ya kumi ya mwezi wa saba kuhani mkuu alivua mavazi yake ya dhahabu na kuvaa kitani kitupu. Alichinja ng'ombe kwa ajili yake na nyumba yake kwanza. Aliingia nyuma ya pazia na chetezo, moshi wa ubani ukifunika kiti cha rehema, yaani kifuniko cha sanduku la agano, asije akafa, akanyunyiza damu.

Halafu mbuzi wawili, wakapigiwa kura. Wa Bwana alichinjwa, na damu yake ikasafisha patakatifu. Wa pili, wa Azazeli, alisimamishwa hai. Haruni aliweka mikono yote miwili juu ya kichwa chake, akaungama maovu yote ya wana wa Israeli, na mtu aliyewekwa tayari akampeleka nyikani. Wapo wanaosema Azazeli ni pepo wa jangwani, wapo wanaosema ni jina la mahali. Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi uliokamilika kama mwaka 200 BK, inasema siku za hekalu la pili mbuzi huyo alisukumwa kutoka juu ya jabali.

Sisi tunamwita mbuzi wa kafara yeyote anayesingiziwa makosa ya wakubwa. Tofauti ni kubwa. Katika Walawi wakubwa hawakumsukumia mbuzi lawama wakajifanya wasafi. Ilibidi kwanza waungame kwa sauti kwamba makosa ni yao.

Maskini asiye na mifugo alifanyaje?

Alileta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Akishindwa na hilo, sehemu ya kumi ya efa ya unga, kama lita mbili na kidogo, bila mafuta wala ubani. Kwa hiyo kulikuwa na sadaka ya dhambi isiyo na damu kabisa, na ilikubaliwa. Luka 2 inasema Mariamu alipotimiza siku zake alileta ndege wawili. Walawi 12 inasema wazi kwamba hiyo ni sadaka ya asiyemudu mwanakondoo.

Waliwahi kutoa watu?

Sheria inakataza vikali. Walawi 20 inaamuru kifo kwa anayempa Moleki mtoto wake. Lakini lisingekatazwa kwa ukali huo kama halikuwapo. Yeremia alilia kwa ajili ya Tofethi, katika bonde la mwana wa Hinomu chini ya kuta za Yerusalemu, watoto walikochomwa moto. Yeftha, ambaye nadhiri yake ilimgharimu binti yake, yumo katika Waamuzi 11. Anayenunua mafanikio kwa damu ya mtoto leo, kwa ushauri wa mganga yeyote, yuko Tofethi, na asitafute kisingizio katika Walawi.

Ibada hii ilikuwa ya Israeli peke yao?

Vifaa, hapana. Huko Ugarit, pwani ya Siria, wachimbaji walianza kazi mwaka 1929 wakapata vibao vya udongo vya zamani kuliko ufalme wa Daudi, vyenye maneno ya sadaka ya mzizi mmoja na yale ya Walawi, ikiwamo ile ya amani. Mungu alizungumza na Israeli kwa lugha ya mtaa wao.

Na ndani ya Yuda yenyewe hekalu la Yerusalemu halikuwa peke yake wakati wote. Ngomeni Arad, kusini, iligunduliwa miaka ya 1960 nyumba ndogo ya ibada yenye madhabahu mbili za kufukizia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta mabaki ya ubani juu ya moja na bangi juu ya nyingine. Tel Be'er Sheva walipata mwaka 1973 mawe ya madhabahu kubwa yenye pembe nne, yaliyokuwa yamevunjwa na kujengewa ukuta. Wengi wanalihusisha hilo na mfalme Hezekia aliyeondoa mahali pa juu, yaani pa kutolea sadaka nje ya Yerusalemu.

Manabii hawakuzikataa sadaka?

Amosi 5 inatisha: nazichukia sikukuu zenu, hata mkinitolea sadaka za kuteketezwa sitazikubali. Hosea 6:6, Mika 6 na Isaya 1 wanasema ya namna hiyo. Lakini endelea kusoma Isaya 1 mpaka mstari wa 15, ambako Mungu anakataa pia sala zao, kwa sababu mikono yao imejaa damu. Hakuna anayesema Isaya alipinga kusali. Kilichomchukiza ni damu nyingine iliyotangulia kwenye mikono hiyo kabla ya ile ya mbuzi.

Amosi 8 inatupeleka sokoni. Wafanyabiashara wanahesabu saa, Sabato itaisha lini tufungue ghala. Tupunguze efa, tuongeze uzito wa shekeli. Efa ni zaidi kidogo ya debe moja. Aliyewahi kununua mahindi kwa kopo lililobonyezwa kitako anajua Amosi anasema nini. Na Walawi 19, sura ileile inayoanza na "mtakuwa watakatifu", inaamuru efa ya haki na mizani ya haki. Inaamuru pia ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi, pembe za shamba zisivunwe, kiziwi asilaaniwe, kipofu asiwekewe kikwazo, mgeni apendwe kama nafsi yako. Manabii hawakuleta dini mpya. Walikuwa wamekisoma kitabu cha makuhani mpaka mwisho.

Sadaka hizi zilikoma lini?

Hekalu la kwanza lilichomwa na Wababeli mwaka 586 KK. La pili, lililokamilika kama mwaka 515 KK, liliangushwa na Warumi mwaka 70 BK, na hapo madhabahu ya Yerusalemu ikanyamaza. Mapokeo ya Kiyahudi yanasimulia kwamba Rabi Yohanan ben Zakkai alimfariji mwenzake aliyelilia magofu kwa kumwambia upo upatanisho mwingine, matendo ya wema, akanukuu Hosea. Sala za kila siku zikashika saa za wanakondoo wawili waliokuwa wakitolewa hekaluni kila siku, asubuhi na jioni. Wakristo walisoma mambo hayo yote kumwelekea Yesu, na Waraka kwa Waebrania hausomeki bila Walawi 16 pembeni.

Hazikukoma kila mahali. Wasamaria, jamii ndogo sana, bado wanachinja kondoo wa Pasaka kila mwaka juu ya mlima Gerizimu, karibu na Nablus. Na hapa Afrika, Wayahudi wa Ethiopia, Beta Israel, waliendelea na mwanakondoo wa Pasaka kwa karne nyingi.

Nianzie wapi kusoma?

Usianzie Walawi 1. Anza na Kutoka 40, uone wingu likiijaza hema hata Musa ashindwe kuingia, kisha fungua ukurasa: Walawi inaanza na Mungu akimwita Musa kutoka ndani ya hema hiyo. Soma sura ya 9, siku ya kwanza ya ibada, ndipo urudi 1 hadi 7. Kisha 16, kisha 19 polepole. Ukichoka na upele wa sura ya 13, ruka, utairudia.

Mwisho fungua Zekaria 14, mistari miwili ya mwisho. Kile kibao cha dhahabu kilichokuwa kwenye paji la uso la kuhani mkuu kilichongwa maneno "Mtakatifu kwa Bwana". Zekaria anaona siku ambayo maneno hayo yataandikwa kwenye njuga za farasi, na kila chungu katika Yerusalemu na Yuda kitakuwa kitakatifu, na wanaokuja kuchinja watachukua chochote jikoni mwa mtu na kupikia humo.